Kwenda Ujerumani kikazi na watoto: maswali kuhusu nyumba ya muda na malezi

Wahadhiri, watafiti na wataalamu wengi kutoka Tanzania na Kenya hupata nafasi ya kufanya kazi Ujerumani kwa miezi mitatu, sita au mwaka. Barua ya mwaliko hueleza posho, tiketi na bima. Haielezi watoto watalala wapi, wala nani atabaki nao saa mbili asubuhi mzazi anapoelekea maktaba au maabara. Majibu haya ni kwa ajili ya mzazi huyo. Mifano mingi ni ya Berlin na ya jimbo la Bavaria, hasa Munich na Bayreuth, mji mdogo wenye chuo kikuu kinachojulikana na wasomi wengi wa Kiswahili. Maneno machache ya Kijerumani nimeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta kwenye matangazo na fomu.

Nianze na lipi: nyumba, malezi ya watoto au viza?

Anza na nyumba na malezi kwa pamoja, siku ileile unayopata barua ya mwaliko. Wengi hungoja viza itoke ndipo waulize kuhusu nyumba, na kufikia hapo nafasi za maana zimeshakwisha. Kinyume chake, ubalozi ukishughulikia viza ya familia huweza kutaka uthibitisho kwamba mna mahali pa kuishi panapowatosha. Nafasi ya chekechea nayo hutegemea anwani. Nyumba ndiyo inayofungua milango mingine yote, lakini lazima iwe nyumba ya aina fulani, kama nitakavyoeleza kwenye jibu linalofuata.

Barua pepe ya kwanza iende kwa profesa au idara inayokualika. Usione haya kumuuliza. Mgeni wa Kiafrika mara nyingi huona kwamba kumsumbua mwenyeji kwa mambo ya watoto ni kukosa adabu. Kule ni kawaida, na vyuo vikuu vingi vina ofisi mbili kwa kazi hiyo: ofisi ya kupokea wageni, Welcome Centre, na ofisi ya huduma kwa familia, Familienservice. Mwandikie ukitaja umri wa kila mtoto, tarehe za kufika na kuondoka, na kiwango cha juu cha kodi unachomudu. Barua yenye hayo matatu hujibiwa. Barua inayosema tu "naomba msaada wa makazi" huzunguka kutoka ofisi hadi ofisi.

Anmeldung ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni usajili wa anwani yako kwenye ofisi ya wakazi ya mji. Sheria inakutaka ujisajili ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Tangu Novemba 2015 lazima uwe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Karatasi hiyo huitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi.

Bila usajili huo hupati namba ya kodi ya mapato, kibali cha ukaazi kinakwama, na kufungua akaunti ya benki kunakuwa kugumu. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata euro moja, muulize mwenye nyumba kwa maandishi: je, mimi, mwenzi wangu na watoto wote tutaruhusiwa kujisajili hapa? Akijibu hapana, au akikwepa swali, endelea kutafuta. Nyumba nyingi za kupangisha kwa siku kwa siku na baadhi ya nyumba zinazopangishwa na mpangaji mwingine hazitoi karatasi hiyo. Kwa familia inayokaa miezi sita, nyumba ya namna hiyo ni ghali hata ikiwa kodi yake ni ndogo.

Anayetoka nje na kukaa chini ya miezi mitatu halazimiki kujisajili. Ndiyo maana mwenye safari ya wiki nane anaweza kuishi kwenye nyumba ya wageni bila shida, mradi hahitaji chekechea ya umma.

Nikiwa bado Dar es Salaam au Nairobi, nitafute wapi?

Kwanza nyumba za wageni za chuo kikuu chenyewe. Miji kadhaa, ikiwemo Berlin na Munich, ina makazi maalumu ya watafiti wa kimataifa yaitwayo Internationales Begegnungszentrum, kwa kifupi IBZ. Yana samani, yana fleti za familia, na wanaoyasimamia wameshazoea wapangaji wasio na historia yoyote ya fedha Ujerumani. Foleni yake ni ndefu, kwa hiyo omba mapema kadiri uwezavyo.

Pili, Studierendenwerk, shirika linaloendesha mabweni ya wanafunzi. Baadhi ya miji lina fleti za wanafunzi wenye watoto, na kama umejiandikisha kwa masomo ya uzamivu unaweza kustahili.

Tatu, soko la kawaida. Tafuta maneno "Wohnen auf Zeit" (makazi ya muda) au "Zwischenmiete" (kupanga wakati mwenyewe hayupo) pamoja na "möbliert", yaani yenye samani. Tovuti ya WG-Gesucht inajulikana kwa vyumba vya wanafunzi lakini ina fleti nzima pia. Wahadhiri wa Kijerumani wanaokwenda likizo ya utafiti hupenda kumwachia nyumba msomi mwenzao, na nyumba hizo ndizo bora kuliko zote kwa familia: zina vitanda vya watoto, vyombo, vitabu, na mara nyingi jirani anayejua kwamba mnakuja. Hazitangazwi sana. Zinapatikana kwa kumwomba mwenyeji wako asambaze ujumbe kwenye orodha ya barua pepe ya idara.

Angalia kalenda. Masomo ya mihula ya vyuo huanza katikati ya Oktoba na katikati ya Aprili, kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi mibaya kabisa ya kutafuta nyumba. Munich Septemba hiyohiyo hujaa wageni wa Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia. Bayreuth hujaa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwishoni mwa Agosti kwa tamasha la muziki wa mtunzi Wagner, na bei za vyumba hupanda. Ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe, fika Februari au Machi. Baridi utaivumilia, nyumba utaipata.

Tangazo linasema "2 Zimmer". Tuko wanne. Tutatosha?

Hapa wengi huchanganya. Wajerumani wanahesabu sebule kama chumba. "2 Zimmer" ni chumba kimoja cha kulala na sebule. Jiko na bafu havihesabiwi. Kwa mazoea ya nyumbani ungeiita "chumba na sebule". Familia ya watu wanne itafute "3 Zimmer" ikiweza. Watoto wawili wadogo wanaweza kulala chumba kimoja na wazazi kwa miezi michache, lakini mwenye nyumba anaweza kukataa watu wanne kwenye vyumba viwili, na ofisi ya wageni, yaani ile ya serikali inayoshughulikia vibali vya ukaazi (si ile ya chuo), huangalia ukubwa wa makazi kwa viza ya familia.

Jambo lingine: nyumba isiyo na samani inaweza kuwa haina hata jiko. Simaanishi chumba cha jiko, namaanisha sinki, makabati na jiko la kupikia. Aliyehama ameondoka navyo. Tafuta kifupi "EBK", kinachoonyesha kwamba jiko limejengewa humo.

Mwanzoni nitalipa jumla ya kiasi gani?

Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi. Hakuna kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele kama ilivyo desturi miji mingi ya kwetu, na anayekutaka ufanye hivyo mtilie shaka. Kinachouma ni dhamana, Kaution. Kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, ikihesabiwa kwa Kaltmiete, yaani kodi tupu bila gharama za maji, taka na kupasha joto. Una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza mkataba unapoanza. Wenye nyumba wengi hawalitaji hilo. Litaje wewe, kwa upole.

Bajeti yako uipange kwa Warmmiete, kodi pamoja na gharama hizo. Umeme na intaneti mara nyingi vinalipwa kando. Kila kaya pia hulipa ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama hamna televisheni. Barua ya kudai ada hiyo itakufuata mara tu baada ya kujisajili. Si utapeli.

Na dalali? Tangu Juni 2015, kwa nyumba za kupanga, aliyemwita dalali ndiye anayemlipa, na kwa kawaida ni mwenye nyumba. Hakuna pia "hela ya kuona nyumba". Ukiombwa, ondoka.

Nitajuaje kama tangazo ni la utapeli?

Hadithi yao ni moja, inabadilishwa jina la mji tu. Fleti nzuri katikati ya jiji, bei ya chini kuliko majirani, picha safi sana. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, hawezi kukuonyesha, lakini ni mtu wa dini au daktari, ana huruma na familia. Anakuomba utume dhamana, naye atakuletea funguo kwa posta. Funguo haziji.

Wanaoandika kutoka Afrika wanalengwa kwa makusudi, kwa sababu hawawezi kwenda kugonga mlango. Basi usitume fedha kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani ya nyumba hiyo. Mwombe mwenyeji wako, mwanafunzi wake, au Mtanzania au Mkenya aliye mji huo aende akaone. Simu ya video inasaidia ikiwa mwenye nyumba anatembea na simu kutoka ngazi za nje hadi dirishani huku mnaongea. Usitume nakala ya pasipoti kwa mtu ambaye hujahakikisha ni nani, maana matapeli huitumia kumlaghai familia nyingine.

Mtoto wangu ana miaka miwili. Atapata chekechea?

Kwenye karatasi, ndiyo. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyefikisha mwaka mmoja na anayeishi Ujerumani kihalali ana haki ya nafasi ya malezi, ama kwenye Kita, ambayo ni chekechea, au kwa mlezi wa nyumbani. Uhalisia ni kwamba nafasi hazitoshi, hasa kwa walio chini ya miaka mitatu, na mwaka wa Kita huanza Agosti au Septemba. Anayefika Januari anaomba nafasi iliyobaki kwa bahati.

Kwa hiyo usiombe Kita moja. Omba kumi, ikiwemo zile za chuo kikuu na za Studierendenwerk, ambazo baadhi huweka nafasi kwa watoto wa wageni wa kitaaluma. Mwambie mkurugenzi wazi kwamba unahitaji miezi sita tu. Wengine watakataa. Wengine wana pengo la miezi michache kati ya mtoto anayehama na anayengojewa, nao watafurahi.

Berlin ina utaratibu wa vocha, Kita-Gutschein, inayotolewa na Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto na vijana ya wilaya unayoishi. Bila vocha Kita haiwezi kumpokea mtoto, na maombi yake hutakiwa miezi kadhaa kabla ya kuanza.

Na gharama zake?

Zinategemea jimbo. Berlin malezi ya Kita ni bure tangu Agosti 2018. Mzazi huchangia chakula, euro 23 kwa mwezi, na Kita inaweza kuomba kidogo cha ziada. Hamburg saa tano kwa siku ni bure. Bavaria wazazi hulipa ada, ila jimbo hupunguza euro 100 kwa mwezi kuanzia Septemba ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka mitatu. Kita binafsi zenye lugha mbili ni ghali, na huwa ndizo zenye nafasi.

Chanjo: kadi ya kliniki ya nyumbani itakubaliwa?

Ibebe, tena ile halisi. Tangu Machi 2020 sheria ya surua inazuia Kita kumpokea mtoto wa mwaka mmoja na zaidi bila uthibitisho: dozi moja kwa aliyetimiza mwaka, dozi mbili kwa aliyetimiza miaka miwili. Ratiba ya Tanzania na ya Kenya inatoa chanjo ya surua na rubela miezi tisa na miezi kumi na minane, kwa hiyo mtoto aliyemaliza kliniki huwa anazo zote mbili. Tatizo ni mwandiko na kadi iliyochakaa. Kabla ya kuondoka, omba kituo cha afya kiandike upya tarehe na majina ya chanjo kwa Kiingereza, na kigonge muhuri. Mkifika, daktari wa watoto atazihamishia kwenye kijitabu chao.

Kwa nini Kita inataka nikae na mtoto wiki nzima?

Hiyo ni Eingewöhnung, kipindi cha kumzoesha mtoto. Siku tatu za mwanzo unakaa naye kama saa moja kisha mnaondoka wote. Siku ya nne unatoka chumbani kwa dakika chache, ndipo muda unaongezwa kulingana na anavyopokea. Inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi.

Mzazi aliyezoea kumwacha mtoto getini akilia na kumwamini mwalimu huona hii ni kupoteza muda. Naomba usiliruke. Mtoto wako ametolewa kwa bibi, kwa binamu, kwa lugha yake na kwa jua, akaletwa mahali ambapo hakuna anayeelewa akisema "nataka kojo". Wiki hizo mbili ndizo zinazomfanya azoee. Wafundishe walezi maneno kumi ya Kiswahili ya mtoto wako: maji, choo, njaa, usingizi, mama, baba, naumwa, na mengine anayoyatumia. Yaandike kwenye karatasi, yabandikwe ukutani. Na mweleze mwenyeji wako mapema kwamba mwezi wa kwanza utafanya kazi nusu siku.

Mtoto atahitaji pia viatu vya ndani, suruali ya mvua na nguo za kubadilisha, kwani hutolewa nje kucheza hata siku za baridi na manyunyu.

Tukikosa Kita?

Tafuta Tagesmutter, au Tagesvater akiwa mwanamume: mlezi mwenye kibali cha Jugendamt anayelea watoto wasiozidi watano kwa wakati mmoja, mara nyingi nyumbani kwake. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu mimi naona hii ni njia bora kuliko Kita kwa mgeni wa muda mfupi. Kundi ni dogo, mazungumzo ni ya moja kwa moja, na mlezi anaweza kukubali miezi mitano. Orodha iko Jugendamt. Uliza swali moja la muhimu: akiugua, nani anamshika mtoto?

Zipo pia familia ambapo wazazi wawili hugawana siku, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Inawezekana kwa miezi mitatu, lakini kwa mwaka mzima inawachosha wote wawili.

Naweza kwenda na dada wa kazi?

Kwa hali ya kawaida, hapana. Hakuna viza rahisi ya kumleta msaidizi wa nyumbani pamoja na familia ya mtafiti. Wengine hushauri apitie mpango wa au pair. Mpango huo ni wa vijana wa miaka 18 hadi 26 wanaokuja kujifunza Kijerumani kwenye familia inayozungumza Kijerumani, kwa hiyo haumfai msichana wa Kitanzania anayekwenda kukaa na Watanzania. Usimlete kwa viza ya kutembea kisha afanye kazi. Mkikamatwa, anayeumia kwanza ni yeye.

Ukimwajiri mtu kule kwa saa chache, kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026, na ajira ndogo ya nyumbani inapaswa kuandikishwa.

Na bibi? Anaweza kuja kutusaidia na wajukuu?

Bibi anaweza, na kwa familia nyingi ndiye aliyeokoa safari. Anaomba viza ya Schengen ya kutembelea ndugu, isiyozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na lazima awe na bima ya safari inayofika angalau euro 30,000. Kama hana kipato cha kuonyesha, wewe uliye Ujerumani unaweza kusaini hati ya dhamana, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni, ukikubali kubeba gharama zake.

Mpange aje wakati unaofaa. Wengi humleta bibi siku ya kwanza, akatumia siku zake zote mkiwa bado mnafungua masanduku. Ikiwa Kita inaanza Machi, aje miezi miwili kabla, abaki hadi mtoto azoee. Bima ya safari haitibu maradhi ya zamani, kwa hiyo mwenye sukari au presha abebe dawa za kipindi chote pamoja na cheti cha daktari. Mtayarishe pia kwa upweke: nyumba za kule zina milango iliyofungwa, na hakuna jirani atakayepita kusema hodi. Mwenye simu yenye WhatsApp na mjukuu wa kumpeleka kwenye uwanja wa michezo hatateseka sana.

Mkubwa yuko darasa la pili. Anaweza kusoma nyumbani kwa mtandao?

Kwa anayeishi huko, hapana. Shule ni lazima na kumfundishia mtoto nyumbani hakuruhusiwi. Shule za umma ni bure, na Berlin ina madarasa ya kuwapokea wasiojua Kijerumani, Willkommensklassen. Uliza mapema kuhusu Hort, malezi ya baada ya masomo, kwa sababu shule nyingi za msingi hutoa watoto mchana. Kuanzia Agosti 2026 watoto wa darasa la kwanza wana haki ya malezi ya siku nzima, na haki hiyo itapanda darasa moja kila mwaka. Mwaka wa masomo Bavaria huanza katikati ya Septemba.

Niende peke yangu kwanza au twende wote?

Nyumba ikiwa imeshathibitishwa na mtu wa kuaminika, nendeni wote. Ikiwa bado, mmoja atangulie wiki tatu au nne, ajisajili, afungue akaunti, azungukie Kita uso kwa uso. Mkurugenzi wa Kita aliyemwona mzazi humkumbuka kuliko barua pepe. Anayebaki na watoto awe na vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa, pamoja na ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzake kwa ajili ya safari.

Majirani watalalamika watoto wakipiga kelele?

Kilio cha mtoto mchanga na michezo ya kawaida havikatazwi. Ila kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili nzima, nyumba hutakiwa kuwa tulivu: hakuna kutwanga, kupigilia misumari wala kufungulia muziki. Siku ya kuhamia gonga milango, jitambulisheni na watoto. Kutenganisha taka nako kunahesabiwa kama heshima kwa jirani.

Bima ya afya ya watoto ikoje?

Mwenye mkataba wa ajira na bima ya umma huwaingiza watoto na mwenzi asiye na kipato bila malipo ya ziada. Anayeishi kwa posho ya ufadhili kwa kawaida hununua bima binafsi kwa kila mtu. Wakfu wa Alexander von Humboldt na wafadhili wengine wana nyongeza kwa ajili ya familia. Iombe kabla ya kuondoka. Posho ya watoto ya serikali, Kindergeld, inategemea aina ya kibali cha ukaazi, kwa hiyo usiiweke kwenye bajeti.

Tukimaliza, tunaondokaje bila kupoteza dhamana?

Soma tarehe za kutoa notisi siku unayosaini. Kita nyingi hutaka taarifa ya maandishi mwezi mmoja hadi mitatu kabla, na nyumba ya muda huwa na tarehe yake ya mwisho. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila mkwaruzo wa sakafu, na usomaji wa mita za umeme na maji. Rudia siku ya kutoka, mbele ya mwenye nyumba, na msaini pamoja karatasi ya makabidhiano.

Futa usajili wa anwani, Abmeldung, kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka hadi wiki mbili baada yake. Stakabadhi yake ndiyo inayosimamisha ada ya redio. Akaunti ya benki usiifunge mara moja: mwenye nyumba anaweza kushikilia dhamana kwa miezi kadhaa, na sehemu yake hadi hesabu ya gharama za kupasha joto itoke, na kuituma Dar es Salaam au Mombasa ni kazi asiyoipenda. Mwachie anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku.